Fundi Manase na Friji Lililosema Lo

Mwanamume mzima kumwamkia mama wa watu miaka mitatu bila kuitikiwa, hilo nimeliona kwa macho yangu, na lilikuwa linaniuma kama vile ni mimi. Kila siku ya mnada hapa Ikungi, bibi Luciana wa Issuna akipita mbele ya mgahawa wangu, fundi Manase anasimama, anavua kofia, anasema, "Shikamoo, mama." Bibi Luciana anapita. Hageuki, hakohoi. Manase anarudisha kofia kichwani na kuinamia tena feni au redio aliyokuwa anaifungua pale barazani kwangu. Mnada unaofuata, anaamkia tena.

"Wewe huna haya?" nilimwuliza siku moja. "Mtu hataki salamu yako, unamlazimisha ya nini?"

"Kuamkia ni kazi yangu, dada Amne. Kuitikia ni hiari yake."

Nilimwambia kichwa chake kigumu, akacheka. Lakini hakuacha.

Manase alikuwa Mnyiramba wa Misigiri, mtoto wa wakulima. Ujana wake wote aliumalizia Dodoma, kwenye ghala la baridi la shirika la nyama, huko ndiko alikojifunza majokofu. Halafu zikaja zile zama za kuuza mashirika. Mnunuzi akaja na watu wake, Manase na wenzake wakamwaga unga, wakapewa kila mtu barua na mkono wa kwaheri. Alipanda basi arudi kwao akalime. Basi likaharibika hapa Ikungi. Wakati wanasubiri spea, mwenye duka mmoja akasikia kuna abiria anajua majokofu, akamwita. Mpaka basi linaondoka, Manase alikuwa amelala chini nyuma ya friji la duka, hata honi hakuisikia.

Alikuwa na namna yake ya kupima. Anaomba mwiko wa ugali, bapa analigusisha kwenye mota, ncha ya mpini anaiweka sikioni, anafumba macho. Halafu anakwambia: hii inakohoa, hii imebanwa, hii ina siku zake chache. Miko yangu mitatu imekwenda na maji kwa ajili ya sikio lake. Sikuwahi kumsikia amekosea, mpaka lile la Issuna.

Lilitokea mwaka 2000. Wafugaji wa kuku wa Issuna walikuwa na jokofu la mafuta ya taa la kuhifadhia chanjo ya mdondo. Likaacha kupoza, wakamwita Manase. Akasafisha bomba, akakata utambi, moto ukawaka bluu. Akaweka mwiko, akasikiliza. Sasa jokofu la mafuta lina sauti gani? Halina mota, ni moto tu unaowaka chini. Manase akachukulia ule ukimya kuwa ni uzima. Akatia mkono ndani, akasikia ubaridi, akasema, "Limepona." Kipimajoto hakuwa nacho.

Chanjo ilikaa humo siku kumi kwenye vuguvugu, ikafa bila mtu kujua, na kuku wakachanjwa hiyo hiyo. Bibi Luciana ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu walete kuku, na wengine walikuja kwa sababu yake tu. Mwezi wa kumi mdondo ukaingia. Kuku wakaanza kusinzia, shingo zikapinda, na baada ya wiki moja ukipita Issuna asubuhi husikii jogoo. Bibi Luciana alipoteza arobaini. Kibaya zaidi, alipoteza heshima mbele ya majirani aliowashawishi.

Manase alikwenda mwenyewe Issuna, hakutumwa na mtu, akasimama mbele yao akasema kosa ni lake. Tangu siku hiyo bibi Luciana hakumwitikia. Na tangu siku hiyo Manase alitembea na kipimajoto kwenye mfuko wa shati, na akaapa hatagusa tena jokofu lenye chanjo.

Sasa njoo kwangu. Mwaka 2003 nilinunua friji, mtumba wa Dubai. Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa, hata friji la Mwarabu kukaa Ikungi likipoza soda. Mlangoni lilikuwa na kidirisha kidogo cheusi chenye namba nyekundu: likiwa na baridi ya nne, linaandika 4. Watu walikuja kunywa soda ili waone namba tu. Nilijisikia, sitaficha.

Jumatatu moja mwezi wa saba akaja Eliana, bwana mifugo wetu. Ndiyo, ni binti, lakini jina la kazi ni bwana mifugo, tufanyeje. Akaniamkia, akafungua boksi lake la baridi.

"Mama, nina chupa kumi na mbili za chanjo ya mdondo. Alhamisi alfajiri tunachanja Issuna. Naomba zilale kwenye friji lako siku hizi tatu."

"Issuna wamekubali?"

"Bibi Luciana amekubali, na wengine wanamwangalia yeye. Ameniambia hii ndiyo mara ya mwisho. Ikiharibika tena, hakuna mtu Issuna atakayeleta kuku wake kwenye chanjo mpaka tunakufa sisi."

Kule zahanati hawachanganyi chanjo za watoto na za kuku. Jokofu la wafugaji lilishauzwa chuma chakavu. Lilibaki langu. Nikazipanga chupa nyuma ya soda, Eliana akaondoka na pikipiki yake kwenda vijiji vingine.

Saa tisa mchana naangalia kidirisha, namba hakuna. Kumeandikwa Lo. Inawaka, inazima, inawaka. Na friji kimya kabisa.

Mteja mmoja akasema, "Amne, friji lako linashangaa." Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Nilitoka barazani nikamshika Manase mkono.

Alipofungua mlango akaona zile chupa, akaufunga taratibu, akarudi hatua moja nyuma.

"Hizi ni za wapi?"

"Issuna."

"Dada Amne, nitafutie mtu mwingine."

"Mtu mwingine nimtoe wapi, nimfinyange? Kaa chini utazame hili friji, au twende wote ukamwambie bibi Luciana kuwa uliogopa."

Nilisema kwa hasira na nilijuta papo hapo, maana uso wake ulibadilika. Lakini alikaa. Akavuta kreti la soda, akakaa mbele ya friji. Akaweka mwiko, hakuna kitu. Safari hii hakusema limepona. Alitoa kipimajoto mfukoni, akakiweka katikati ya chupa, akafunga mlango. Akatoa daftari lake la Dodoma, kurasa zimeliwa na panya, akatafuta L na sifuri, akatafuta L na O. Hakuna. Majokofu aliyofundishwa hayakuwa yanaandika.

"Wanasema linashangaa," nikamwambia, nikijaribu kumchekesha.

Hakucheka. Akanitazama kama mtu aliyeitwa jina lake. "Linashangaa nini?"

"Mimi nitajuaje?"

"Mtu akisema lo, kuna kitu amekiona. Ngoja nione linachokiona."

Nikajua fundi wangu sasa amechanganyikiwa. Akakaa pale mpaka saa kumi na mbili jioni. Mara friji likanguruma lenyewe, hakuna aliyeligusa, na dakika chache baadaye kidirisha kikaandika 7, kikashuka 6. Manase akafungua kidogo, akasoma kipimajoto chake: saba. Chanjo ilikuwa bado hai, maana inavumilia mpaka nane. Akaandika saa kwenye daftari, akaenda nyumbani.

Jumanne asubuhi alifika kabla sijawasha moto wa chai. Kidirisha kilisema 4. Saa mbili kasoro, jirani yangu Gasto akawasha mashine yake ya kukamua alizeti, msimu ndio ulikuwa umeanza wiki hiyo. Balbu ya mgahawani ikanywea ikawa nyekundu kama kaa la moto. Friji likanyamaza. Lo.

Manase akakinyooshea kidole kidirisha. Saa sita mashine ilizimwa watu wakale, na friji likarudi kwenye namba. Saa saba mashine, Lo. Hapo hata mimi nilielewa. Umeme wangu nilivutiwa kutoka kwa Gasto, kwa waya mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Mashine yake ikianza kunywa umeme, kinachonifikia mimi ni matone.

"Friji lako zima kabisa," Manase akasema. "Umeme ukiwa mdogo linajizima lisiunguze mota. Ndicho linachosema."

Tukaenda kwa Gasto. Sasa Gasto ni mtoto wa kumzaa wa bibi Luciana, na alimpokea Manase kama mtu anayepokea barua ya mahakama. Alikuwa amesimama katikati ya mashudu, magunia ya alizeti yamepangwa mpaka mlangoni.

"Nizime mashine msimu huu? Watu wametoka mbali na alizeti yao. Halafu nizime kwa maneno ya nani? Yako wewe uliyemmalizia mama kuku wake?"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwage yangu yote, Manase akanizuia kwa mkono.

"Sijaja kukuomba uzime," akamwambia. "Nimekuja ujue chanjo ya mama yako iko hapo kwa jirani yako, na mimi ndiye ninayeilinda. Nikishindwa safari hii, nitakuja kukwambia mwenyewe, kama nilivyofanya mara ile."

Tukaondoka. Njiani nikamwuliza sasa tunafanyaje, akanijibu kuwa ghala la Dodoma nalo lilikuwa linakatikiwa umeme, na nyama haikuwahi kuoza. "Baridi inawekwa akiba, dada."

Jioni kipimajoto kikafika nane, mpaka wa mwisho; nikatoa soda zangu zote nje. Akajaza maji kwenye chupa za plastiki, akazilaza sehemu ya kugandisha usiku ule mashine ikiwa imelala. Jumatano asubuhi zilikuwa mawe. Akazishusha chini, akaizungushia chanjo, katikati akaweka kitambaa zisigusane. Akafunga mlango, akaufunga tena kwa kamba, fundo juu ya fundo.

"Huu mlango ukifunguliwa kabla ya saa sita, mimi na wewe tutakosana."

"Friji ni langu," nikamwambia.

"Kuku si wako."

Siku nzima niliuza soda za moto na kutukanwa na wateja. Mashine ikawaka, friji likaandika Lo, Manase kwenye kreti lake. Saa sita mashine ikazimwa, akafungua: tano. Tukasubiri saa saba mashine iwashwe. Haikuwashwa. Saa nane, kimya. Nikachungulia kwa Gasto, nikamwona amekaa juu ya gunia anachokonoa meno na kisu kidogo, wateja wake wananung'unika. Aliwasha saa tisa na nusu. Na mimi kwa mara ya kwanza katika ujirani wetu sikumchokoza.

Jioni Eliana akarudi, akatazama kidirisha kikiwaka. "Hiyo Lo ni Kizungu," akatuambia. "Maana yake chini. Umeme uko chini."

"Na sisi tumesema nini tangu juzi?" nikamjibu. "Linaushangaa umeme."

Alhamisi alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, walikuwa Issuna, Manase nyuma ya pikipiki amelikumbatia boksi. Eliana ndiye aliyenisimulia. Watu wachache tu walikuwa wamekuja, na walipomwona Manase wakaanza kunong'ona kwa Kinyaturu wakidhani haelewi. Alikuwa anaelewa kila neno. Akafungua boksi, akatoa kipimajoto, akampa wa kwanza wao.

"Mara ile niliwaambia kwa sikio langu," akasema. "Leo someni wenyewe."

Kikapita mkono kwa mkono. Bibi Luciana alikuwa wa mwisho. Alikisogeza mbali, akakisogeza karibu, akakirudisha kwa Eliana, si kwa Manase. Halafu akaenda bandani akaleta kuku wake, na wengine wakaenda kuleta wa kwao.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Mwezi wa tisa mdondo ukatokea vijiji vya jirani, watu wakawa wanafukia kuku kwa matenga. Manase alipungua mwili. Kila basi la upande wa Dodoma, lililopitia Issuna, likisimama anainua shingo, asikie kama kuna habari za Issuna. Mwezi wa kumi ukapita. Wa kumi na moja ukapita, mvua zikanyesha.

Mnada wa kwanza wa Disemba, bibi Luciana akatokea na tenga kichwani, majogoo wanatoa shingo kwenye matundu. Gasto alikuwa nyuma yake na tenga lingine. Manase akaweka bisibisi chini, akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Bibi Luciana akasimama. Akatua tenga, akanyoosha mgongo, akamtazama usoni.

"Marahaba," akasema. "Na zile zote za nyuma, mwanangu. Marahaba."

Akainama, Gasto akamtwisha tenga, wakaendelea na safari yao ya mnadani. Mimi mwenye mdomo wangu nikabaki kufuta meza iliyokwisha kuwa safi. Manase alisahau kurudisha kofia kichwani. Alikaa nayo mkononi mpaka wakaja wateja wawili kuulizia redio zao.