Siku Niliposhonewa Ndani ya Munyama

Hapa mjini Bunia mimi ni fundi wa nguo mwenye heshima zake, ninashonea mabibi harusi, ninashonea kwaya, hata suti ya mchungaji nimeshona, lakini tukipita pamoja soko la Nyakasanza mtasikia mama fulani mwenye umri ananiita Munyama, na mimi nitaitika, maana nikijifanya sikusikia ataita tena kwa sauti kubwa zaidi, halafu itabidi awaeleze majirani zake sababu. Afadhali mnisikie mimi mwenyewe. Ni aibu, nakubali, na nikiikumbuka masikio yanapata moto, ila ajabu ni kwamba katika miaka yote ile ya vita hakuna siku ninayoitamani kama hiyo.

Nilikuwa msichana bado, ninaishi mtaa wa Bigo na mama yangu, ninashona kwa cherehani aliyotuachia baba. Na kulikuwa na Justin. Justin alikuwa na sine ya video kule Nyakasanza, yaani chumba kirefu cha udongo chenye mabati juu, mabenchi, televisheni moja, na grupu (jenereta, kwa wale ambao hawakukulia kwetu) iliyokohoa kama mzee wa tumbaku. Barabara zilikuwa zimefungwa, kaseti mpya haziingii tena mjini, na yeye alibaki na chache tu. Za vita watu walizikataa, kwa nini ulipie bunduki na bunduki ziko mlangoni kwako. Walichotaka ni munyama, yaani zimwi.

Kaseti ya munyama haikuwa na jalada wala jina. Ilikuwa filamu ya wazungu wasio na pesa, mtu anaona mara moja, munyama anatoka ziwani amevaa mpira mgongo mzima, na akigeuka unaona zipu. Akitembea kwenye majani unaona viatu vya mtu. Msichana wa kizungu anamwona, anapiga kelele, anaanguka, na anaanguka vizuri bila kuchafua gauni, kisha kesho yake anarudi tena peke yake kwenye ziwa lile lile. Tulikuwa tunajua kila kitu kitakachotokea na bado tulikuwa tunapiga kelele pamoja naye. Justin alisimama kando ya televisheni akitafsiri, ingawa Kiingereza hakujua (na sisi tulijua kwamba hajui), akampa munyama maneno yake, munyama analalamika chumvi imepanda bei, munyama anamuuliza msichana kama kwao kuna sombe, mboga ya majani ya mihogo, imebaki. Watu ambao kwenye bomba la maji walikuwa hawasalimiani tena, kwa sababu ya kabila, mle ndani walibanana benchi moja, wakashikana mikono kwa woga, taa ikiwaka kila mmoja anautoa mkono wake pole pole kama hakujua ulikuwa wapi.

Mimi nilikuwa ninakaa karibu na ukuta, mahali ambapo naweza kumwangalia Justin badala ya filamu. Hilo hakuna aliyelijua. Mama yake, Mama Anyesi, mwanamke mrefu wa kanisa asiyecheka ovyo, hakuwahi kutia mguu mle, alisema mambo ya kutisha yametosha duniani hakuna haja ya kuyawekea grupu. Kila nilipokutana naye nilimsalimia nikiinama sana, kwa sababu zangu mwenyewe.

Sasa siku moja Justin akaja kwetu Bigo, akasimama mbele ya cherehani, akasema watu wamepungua, wengine wamehama, wengine wanaogopa kutoka, anataka kumtembeza munyama sokoni mchana ili watu wacheke na wamfuate hadi sine. Je, naweza kumshona? Angeniomba nimshonee paa la kanisa ningesema naweza. Nikapata kipande cha bashi la kijani la kufunikia malori, kichwa nikakitengeneza kwa kikapu na sponji ya godoro, meno kwa bidoni ya manjano, dumu la maji, mkia nikaujaza matambara. Makucha niliyashona moja kwa moja kwenye mikono ya nguo, na nilijisifu sana kwa hilo.

Kijana aliyekubali kumvaa hakutokea. Tulingoja, saa za alasiri zikafika, Justin anazunguka zunguka chumbani, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema nitamvaa mimi. Mbona nimemshona kwa kipimo changu, nikaongeza, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa sababu sikuwa na mwili mwingine wa kupimia. Nikaenda nyuma ya pazia, na kwa kuwa bashi lina joto kama sufuria nikavua nguo zangu, nikabaki na jupo tu, ile nguo nyembamba ya ndani, nikaingia. Ndipo tukakumbuka mgongo. Nilikuwa nimeuacha wazi nikingojea vifungo, na Justin akasema zipu ya yule wa kwenye filamu ndiyo inayowachekesha watu, huyu wa kwetu asiwe na mlango. Basi nishone tu humu humu, nikamwambia, utanifumua baadaye.

Huo ndio uamuzi wenyewe, na nataka mjue niliufanya nikiwa na akili timamu.

Alinishona. Alichukua sindano kubwa ya magunia, akaanza kiunoni akipanda juu, pole pole, mkono mmoja umeshika bashi lisinibane, pumzi yake nyuma ya shingo yangu, na mimi nimesimama gizani ndani ya kichwa cha kikapu natazama nje kupitia mdomo wa munyama, naona ukuta wa udongo tu, na sijapata kuona ukuta mzuri kama ule. Nilikuwa na neno la kumwambia. Nilikuwa nalo tangu masika. Nikasema moyoni, akifika begani nitasema. Alipofika begani akauliza kama sindano imenichoma, nikasema hapana, akakata uzi kwa meno, akaenda kuwasha grupu.

Nikatoka. Na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno, akina mama wa soko waliacha ndizi zao wakaja kucheka, mmoja akanipa fagio nicheze nalo, watoto wananivuta mkia, mimi nainua makucha nawangurumia wauza samaki. Kisha grupu ya Justin, iliyokuwa imekataa kuwaka, ikapiga kishindo kimoja, kikavu, kama risasi.

Mliokuwa Bunia miaka ile mnajua. Huulizi ni nini, unakimbia, mmoja akikimbia mtaa mzima unakimbia, na sababu mtaambiana mkifika. Soko likapasuka. Nikakimbia pia, bila shaka, mimi ni mtu wa Bunia. Lakini kupitia mdomo ule nilikuwa naona mbele tu, sikuweza kugeuka, na kila aliyekuwa mbele yangu akitazama nyuma nilimwona anapanua macho, anapiga yowe na kuongeza mbio. Nikajua basi wanaotuua wako mgongoni pangu kabisa. Nikaongeza mbio. Wakanitazama tena, wakaongeza. Mtaa baada ya mtaa tulikwenda hivyo, mimi nawafukuza watu wa Nyakasanza na kujifukuza mwenyewe, mkia unapiga vumbi, na sikuelewa kwa nini kila ninayemkaribia ananiachia njia.

Karibu na parokia palikuwa na barieri, kamba ya kuzuia barabara, ya vijana wenye bunduki. Watu walipita chini ya kamba, mimi nikabaki peke yangu, na kijana mmoja akanielekezea bunduki. Hapo kicheko chote kilikwisha, rafiki zangu. Nilitaka kuvua kichwa hakivuliki, nilitaka kuonyesha viganja vyangu nikaonyesha makucha. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifyatulio. Nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua, "Miye ni Sola, mutoto ya Mama Roza, fundi ya Bigo. Usinipige."

Kisha akauliza, "Munyama ya sine?"

"Ndiyo," nikasema.

Akashusha bunduki, akaketi chini barabarani, akanionyesha kwa kidevu nipite. Alikuwa mdogo kuliko mimi. Alikuwa amelia.

Uwanja wa parokia ulijaa tayari. Nilipoingia watu walifunguka pande mbili, nikatembea katikati yao hadi nilipoishiwa nguvu, nikaanguka mbele ya miguu ya mtu, na siyo kwa uzuri kama yule mzungu. Nikainua kichwa changu cha kikapu. Alikuwa Mama Anyesi, aliyekuwa amekuja kufagia kanisa, na hakukimbia wala kurudi nyuma, alisimama na fagio lake akinitazama.

"Weye ni mutu ao ni nini?" akauliza.

Nikamwambia ni mimi Sola. Akasema nitoke humo basi. Nikamwambia siwezi, nimeshonewa. Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza.

"Nani alikushonea humu?"

Nilitamani ardhi inimeze na mkia wangu. "Justin, mama."

Akazunguka nyuma yangu, akapitisha kidole kwenye ule mshono kuanzia kiunoni hadi begani, taratibu, kama mtu anayesoma. Kisha akainama karibu na mdomo wa munyama akaniuliza kwa sauti ya chini nimevaa nini ndani, na nilipomjibu akafunga macho kidogo. Akavua kikwembe chake cha juu, kitenge alichojifunga. Akawaita akina mama waliokuwa karibu, akawaambia kila mmoja atoe cha kwake, washikane wanizunguke. Na walikuja, mchanganyiko, wale wa upande huu na wale wa upande ule, wakafunga ukuta wa vikwembe, na mle katikati Mama Anyesi akanifumua kwa kisu kidogo cha kukatia mboga. Uzi ulipokuwa unakatika mama mmoja akaanza kucheka kwa pua, akajizuia, akashindwa, wa pili akamfuata, mpaka ukuta wote ukawa unatikisika na mimi ndani yake natokwa na jasho na machozi, bega wazi, na nilipomtazama Mama Anyesi alikuwa ameibana midomo hivi, kisha naye akacheka. Kicheko kile kikazunguka uwanja. Wakati huo habari ilikuwa imefika kwamba ni grupu tu.

Justin akaja mbio na mkasi mkononi. Viatu vimepotea, vumbi hadi kwenye nyusi. Akanikuta nimekaa kwenye ngazi za kanisa nimejifunga kikwembe cha mama yake.

"Nilikutafuta soko yote," akasema. "Nikaona fagio peke yake."

Mama yake akamuuliza kama mtoto wa watu anashonwa kama gunia la mihogo. Yeye akainamisha kichwa. Kisha Mama Anyesi akanigeukia, akaniambia kikwembe nisikirudishe kwa mkono wa mtu, nikilete mwenyewe Jumapili, baada ya misa, nitakula kwao. Alilisema hilo akimtazama Justin, na Justin akautazama mkasi.

Nilikifua. Nilikipiga pasi. Jumapili haikufika, maana kabla yake risasi zilianza, na safari hiyo haikuwa grupu. Sisi tulikimbilia upande wa kabila letu, Justin na mama yake wakakimbilia njia ya Marabo na watu wengi wa kabila lao. Tuliporudi, sine ilikuwa kuta tu bila mabati.

Miaka ilipotulia nilikwenda Marabo siku ya soko, kikwembe kwenye mfuko, nikawa nauliza. Mama mmoja anayeuza maharagwe alikumbuka. Alisema alitembea njia moja na kijana na mama yake, mama mguu umevimba, wamechoka, na njia nzima kijana alikuwa anawasimulia watoto waliokataa kutembea habari za munyama aliyekimbiza mji wote, anaigiza sauti zote, ya munyama, ya mama yake, ya akina mama wa vikwembe, na watoto wakawa wanatembea ili wasikie itaishaje. Waliendelea upande wa Komanda. Zaidi ya hapo hajui. Halafu akanitazama vizuri, mfuko wangu, uso wangu.

"Ni weye ule munyama?"

Nikasema ni mimi. Akaniita nikae kwenye gunia lake la maharagwe, akaniambia kijana alikuwa anamalizia vibaya, watoto walimlalamikia, akifika pale anapokata uzi kwa meno alikuwa anaacha hadithi, anasema kulikuwa na neno yeye mwenyewe alitaka kumwambia munyama halafu akaenda kuwasha grupu.

Nimewashonea wengi tangu siku hiyo, na nguo zangu zote zina vifungo mbele. Ila somo langu siyo vifungo. Somo langu ni kwamba mtu akiwa mgongoni pako na sindano, na neno liko mdomoni, mwambie akiwa bado kiunoni. Usingoje afike begani.