Bunduki ya Dada Saumu

Mwezi uliopita nilipeleka sketi kwa fundi cherehani, kwenye kile kiduka kilicho chini ya jengo letu hapa Al Mansoura. Nilikuwa nimesimama kando nikisubiri zipu, fundi akafungua kichupa cha mafuta ya mashine na kuidondoshea cherehani yake kidogo. Harufu iliponifikia, moyo ukanikunjamana kabla akili haijajua sababu. Mafuta ya cherehani na mafuta ya bunduki ni ndugu, msomaji wangu, wanafanana harufu kabisa, na mimi harufu ile niliishi nayo nikiwa na miaka tisa, nikiwa nimenuna.

Baba alikuwa fundi mkuu wa viyoyozi kwenye hoteli moja hapa Doha. Tulitoka Tanga nikiwa bado nabebwa, kwa hiyo mji huu ndio niliokulia. Kazi yake ilikuwa ya kupanda na kushuka mapaa siku nzima kwenye jua lisilo na huruma, na jirani zetu walidhani Ijumaa akipumzika atalala. Baba hakulala. Mfanyakazi mwenzake alishamkaribisha kwenye klabu ya kulenga shabaha iliyoko nje kidogo ya mji, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kupiga visahani vya udongo. Mashine inakirusha kisahani juu, mpigaji anakifuata na mtutu, kinapasuka vumbi la rangi ya machungwa. Ndio mchezo wenyewe.

"Kwa hiyo umetoka huku mpaka kule kwenda kuvunja sahani?" Mama alimwuliza siku ya kwanza aliporudi. "Mbona wanao wanakuvunjia hapa hapa?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Ijumaa iliyofuata, baada ya sala na wali, alikwenda tena, na safari hii alitupakia na sisi: mimi na dada yangu Saumu, aliyenizidi miaka minne.

Klabuni kulikuwa na karakana yenye baridi kali ya kiyoyozi, na humo ndimo Baba alimojazia risasi zake. Za dukani hakuzipenda. Alisema zinampiga bega kama zina ugomvi naye. Aliokota maganda yaliyokwisha kupigwa, mekundu, yenye harufu ya kuungua, akayakagua moja moja na kutupa yaliyochanika. Kisha aliketi mbele ya mashine ndogo yenye mkono mrefu. Akiuvuta mkono mara moja, fataki ya zamani, ile ya kuwashia baruti, inatoka kitakoni mwa ganda. Mara ya pili, mpya inaingia. Halafu baruti kwa kipimo, halafu kizibo, halafu marisau, vile vipunje vya risasi, yakishuka kwa mlio wa mvua juu ya bati. Mwisho mdomo wa ganda unakunjwa kwa mikunjo midogo midogo, kama Mama anavyofunga ukingo wa sambusa. Sisi tulikaa meza ya mbali, karibu na mlango, na baruti ilipokuwa mezani hakuna aliyeruhusiwa kusema.

"Hapa mtu akikosea hakuna kusema samahani," alituambia. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini tulitii.

Saumu alichoka baada ya Ijumaa chache. Alikuwa na marafiki zake, nywele zake, na usingizi wake. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu. Mimi ndiye niliyejua jina la kila kitu kwenye meza ile. Kwenye ukumbi wa watoto, ambako walipiga kwa bunduki za upepo, niliruhusiwa kulala kifudifudi na kufyatua bunduki ya klabu iliyowekwa juu ya mto wa mchanga, na nikigusa ukingo tu wa karatasi Baba alipiga makofi. Aliahidi kwamba siku moja atatununulia bunduki yetu, itakayokaa hapo hapo kwenye kabati la klabu, ya binti zake wawili. Kichwani mwangu nilishamtoa Saumu. Ilikuwa yangu.

Siku ya kuichagua ilipofika, alitupokea kocha wa wasichana, mwanamke wa Kisudani tuliyemwita Abla Hanan, yaani Mwalimu Hanan. Alikuwa mrefu, mpole, na hakuwa na haraka hata kidogo. Alisema bunduki lazima imtoshe mtu kama kiatu. Akaanza na koti: zito, la turubai na ngozi, gumu kiasi kwamba mtu akilivua linabaki limesimama peke yake. Akaja kwenye kitako cha bunduki, akakirefusha na kukifupisha begani kwa Saumu, akainua kile kipande cha kuegemezea shavu mpaka jicho la dada likakaa sawasawa nyuma ya tundu la kulengea. Saumu, aliyekuja huku akipiga miayo, akawa amesimama pale kama sanamu, shingo imenyooka, na hata mimi niliona kwamba amependeza.

Kisha Abla Hanan akaniita mimi. Akaniambia ninyooshe mikono, nitengeneze tundu kwa viganja, niitazame taa ya ukutani kupitia humo, halafu nivute viganja polepole mpaka usoni. Vikaja kwenye jicho la kushoto. Akakunja uso kidogo, akachukua kadi, akaniziba jicho hilo.

"Haya, Rehema. Ile karatasi kule mbele ina miviringo mingapi?"

"Karatasi gani?" nikauliza.

Baba akacheka, akidhani namtania. Akaangalia uso wangu, kicheko kikakatika. Abla Hanan akainama, akasema na Baba kwa sauti ya chini. Waliongea kwa muda. Mimi nilisimama na kadi yangu jichoni, kwenye ukungu mweupe niliouzoea hivi kwamba sikujua ni ukungu, nikisubiri zamu yangu ya kuvaa koti.

Haikufika. Bunduki ilinunuliwa kwa vipimo vya Saumu, kitako kikafungwa kwa urefu wa mkono wa Saumu. "Wewe subiri kidogo, mwanangu," Baba aliniambia garini. Hakuniangalia aliposema. Nikageukia dirishani mpaka nyumbani.

Wiki hiyo nilipelekwa hospitali, nikatiliwa matone yaliyowasha, na daktari akasema jicho langu la kulia ni vivu, ubongo umeliacha, linatakiwa kulazimishwa kufanya kazi. Kwa hiyo dada yangu alipata bunduki yenye mtutu wa bluu, na mimi nikapata miwani minene na plasta ya kuziba lile jicho lililo zima. Plasta ilikuwa na picha ya samaki. Shuleni waliniita Kapteni, kama wa maharamia, na hawakumaanisha heshima.

Siwezi kuueleza vizuri wivu ule. Ulikuwa na ladha, kama sarafu mdomoni. Saumu alikuwa akirudi mazoezini na alama ya koti shingoni, nami nikaitamani alama ile kuliko mkufu. Alianza kutembea tofauti. Alianza kupumua tofauti, taratibu, kama alivyofundishwa, hata akiwa anaosha vyombo. Usiku kabla ya kulala aliinua mkono mtupu na kulenga swichi ya taa, na mimi kitandani kwangu niliomba, kwa maneno yaliyo wazi kabisa, akose.

Kisha Baba akaniongezea chumvi kwenye kidonda. "Rehema, nina kazi yako," akasema. "Risasi za dada yako zinataka mtu wa kuzichagua."

Risasi za bunduki ya upepo ni vikofia vidogo vya madini, vyembamba kiunoni, vilivyotanuka chini kama sketi. Sketi ikiwa imepinda, risasi haiendi sawa. Kazi yangu ilikuwa kumwaga kopo juu ya kitambaa cheupe, kuokota kimoja kimoja kwa kibano, kukitazama chini ya taa, vizuri kulia, vibaya kushoto. Na jicho zuri likiwa limezibwa! Kila siku Baba akitoka kazini tulikwenda karakana, yeye akikagua maganda yake, mimi kwenye meza yangu ya karibu na mlango. Saumu alikuwa ukumbini na kocha. Kupitia ukutani nilisikia bunduki yake: tap, kimya kirefu, tap.

Mwanzo sikuona kitu ila madoa ya kijivu. Machozi yalinitoka, mengine ya uchovu, mengine ya hasira. Nimekuwa mtumishi wa Saumu, nilijiambia. Anapiga yeye, nachambua mimi.

"Baba, siioni sketi yake."

"Itazame tena. Igeuze."

"Nimeigeuza."

"Basi niambie inang'aa upande gani."

Alikuwa akiacha maganda yake na kuja kuchuchumaa kando yangu, akinukia jasho na mafuta ya bunduki, akanisimulia habari za Tanga, za bibi yake aliyefuga bata wakorofi, na mkono wake ulikuwa umekaa mgongoni pangu wakati wote. Nikichoka, alininunulia chai ya karak yenye iliki, tukanywa kwenye kikombe kimoja. Tulipomaliza alinituma nikanawe mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kwa kuwa madini yale si ya kuyapeleka mdomoni. Nikirudi, nilikuta kopo limefungwa, taa imezimwa. Yote hayo niliyaona, na yote niliyahesabu kuwa ni mateso.

Yakaja mashindano ya wasichana. Nilipanga kwenda kumwona akikosa. Lakini asubuhi hiyo hiyo nilikuwa na miadi hospitali, na Baba ndiye aliyenipeleka. Mama alikuwa kazini. Nikaona hata kushuhudia nimenyimwa. Tuliporudi jioni Saumu alikuwa ameshaletwa na Abla Hanan. Alikuwa na medali. Baba akamkumbatia, akamwuliza habari za kila shuti, naye akajibu kwa mkato, akaitupa medali kitandani na kugeukia ukutani. Maringo, nilisema moyoni. Anaitupa ili niione.

Mwaka ukapita. Plasta ikavaliwa saa chache, kisha ikaachwa. Siku moja karakanani nilijikuta nachagua risasi huku nikiimba, bila kuegemea taa, na Baba akasimama nyuma yangu akinitazama muda mrefu. Baadaye nilipiga kidogo na bunduki ya klabu, sikuwa hodari, nikahamia kwenye kuogelea. Saumu aliendelea miaka kadhaa, kisha mitihani, kisha ndoa. Baba na Mama walirudi Tanga. Hakuna aliyelizungumzia jambo lile la bunduki, maana lilikuwa halina cha kuzungumziwa. Lilikuwa limekaa tu kati yangu na dada yangu, kama kiti kisichokaliwa na mtu.

Baada ya siku ile ya fundi cherehani nilikwenda Al Wakrah, anakokaa Saumu na mumewe. Watoto walikuwa shuleni. Tulikuwa tunakata vitunguu, nikamsimulia ile harufu, na kwa mara ya kwanza nikasema kwa mdomo wangu, nikicheka ili isiwe nzito, jinsi nilivyochukia kumchagulia risasi.

Saumu akaweka kisu chini.

"Zipi? Zile za kwenye kopo?" akauliza. "Mimi sikuwahi kuzipiga zile, Rehema. Za kwangu Abla Hanan alikuwa nazo, zinakuja zimepangwa kwenye sponji, kila moja kwenye tundu lake. Hazihitaji kuchaguliwa."

"Sasa zile nilizokuwa nachagua mimi?"

"Ukienda kunawa, Baba alikuwa anazichanganya tena. Nzuri na mbaya, kopo moja, anatikisa. Nilimwona kwa macho yangu nilipokuja kuchukua koti. Akanionyesha kidole mdomoni, ninyamaze." Alisogeza maganda ya vitunguu kando. "Daktari alimwambia upewe kazi ya vitu vidogo vya karibu, kila siku. Baba alijua ukiambiwa ni dawa utagoma."

Nikaweka kisu changu chini pia. Saumu alichukua kisu tena lakini hakukata.

"Nilikuwa nasikia sauti zenu kupitia ukutani," akasema. "Bata wa bibi. Mimi hakunisimulia bata. Siku ya medali nilitafuta uso wake kwenye viti vyote vile, Rehema. Nilijua yuko nawe hospitali, nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua. Lakini niliutafuta."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile aligeukia ukutani. Nikamwambia kwamba wale bata walikuwa wakiwauma wageni. Akatabasamu, akajifuta macho na mgongo wa mkono. Vitunguu vilitusitiri wote wawili.

Nikampigia Baba. Aliitika kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, na nyuma yake nilisikia Mama akiuliza ni nani. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea. Nikasema tu, "Baba, Saumu ameniambia habari za kopo."

Nikasikia kitanda kikilia. Kisha akacheka kile kicheko chake cha kukaa chini. "Na jicho linaonaje?" akauliza.

"Linaona, Baba."

"Alhamdulillahi. Basi."

Nikamwambia subiri, nikampa Saumu simu. "Mwambie akusimulie bata," nikamwambia. Dada yangu akaichukua, akatoka nayo uani, akafunga mlango. Nilimaliza vitunguu peke yangu, nikaanza kuosha mchele. Nilimsikia huko nje akicheka kama msichana, akisema, "Hapana, Baba, endelea," tena, "endelea," na wakakaa muda mrefu zaidi kuliko nilivyokaa mimi. Ukweli ni kwamba nilichungulia saa mara mbili, na ule wivu wangu mzee ukanikuna kifuani. Nikabandika sufuria, nikawaacha waongee.