Kuku wa Mzee Saba

Nakubali kosa mapema kabla hamjanitafuta: maneno yale niliyatunga mimi. Mdomo ulikuwa umejaa chapati.

Kwa sababu ya chapati hiyo, mama mzima mwenye akili zake alibeba kuku kutoka Busia mpaka Kisoko, akaenda kusimama kwenye geti la baba aliyemfukuza miaka kumi na moja iliyopita.

Na aliyemtuma ni mzee mmoja anayeishi kwenye nyota.

Sijalewa. Tulieni nieleze.

Halafu mnisamehe herufi zikiruka. Naandika kwenye simu kwa mkono mmoja. Ule mwingine uko kazini, mtajua tu.

Naitwa Wandera. Nina diploma ya umeme, inaning'inia ukutani sebuleni, na huko ndiko kazi yake ilikoishia. Kinachonilisha ni mdomo.

Mimi ni vijei. Nakaa kwenye kibanda cha video hapa Busia upande wa Uganda, maiki mkononi, filamu ya wazungu inapita na mimi naigeuza Kiswahili palepale. Mzungu akilia, nalia. Mzungu akipigwa risasi, nauliza watu kama anadaiwa.

Sheria ya vijei ni moja: usinyamaze.

Ukinyamaza sekunde tano, watu wanapiga mabati. Ukinyamaza kumi, wanapiga wewe.

Sasa mwaka huu kibanda kizima kimeshikwa na filamu moja ya huko juu angani. Iko sehemu saba. Meli zinapigana katikati ya nyota, watu wengine wana macho manne, farasi wanaruka bila mabawa.

Ndani kuna shujaa mmoja mzee. Mkono mmoja, nywele nyeupe kama pamba, blanketi begani, na mkuki unaowaka moto wa buluu. Yeye ndiye anafundisha binti fulani kupigana.

Jina lake la kizungu siwezi. Ukilitamka vizuri lazima umteme mate jirani. Nikambatiza Mzee Saba, kwa vile amepigana kwenye nyota saba. Yule binti nikamwita Atai.

Sauti ya Mzee Saba niliiazima kwa mtu. Inaanza na kikohozi kidogo, "Eh-hem," kama mtu anabisha hodi kabla ya kukuambia ukweli.

Watu waliipenda hiyo sauti vibaya sana. Boda wawili wakigombania abiria pale stendi, wa tatu anakohoa tu, "Eh-hem, sikiliza wewe mtoto," ugomvi unaisha kwa kicheko.

Basi. Jumapili moja saa tisa mchana, watu wametoka kanisani, wamekula, kibanda kimejaa. Tuko sehemu ya nne.

Mbele kabisa amekaa Syprose, mama Daphine. Anauza samaki sokoni. Jumapili hakosi, na kiti chake hakiguswi.

Mimi nimechelewa kula. Nimenunua roleksi, ile chapati yetu inayokunjiwa mayai ndani, na muuzaji ameniwekea pilipili kama mtu wa kulipiza kisasi.

Nikaona Mzee Saba na Atai wanatembea tu kwenye daraja, hawapigani. Nikasema moyoni, hapa hawana maneno. Nikang'ata.

Lo!

Palepale Atai akageuka, machozi yanamtoka. Anasema baba yake alimkana kwa sababu alimpenda mtoto wa adui. Anamuuliza Mzee Saba, nifanye nini?

Hapo nilitafsiri kwa taabu, chapati iko shavuni.

Mzee Saba akafungua mdomo. Akasema sentensi ndefu. Ilinipita yote. Pilipili ilikuwa imefika masikioni.

Sekunde moja. Mbili. Tatu. Mtu wa nyuma akagonga bati.

Nikameza yote bila kutafuna, nikakohoa, na kikohozi safari hii kilikuwa cha kweli.

"Eh-hem. Sikiliza wewe mtoto. Rudi nyumbani. Shika kuku mkononi. Simama getini, usiingie, usiseme neno. Mzazi anaweza kufukuza mtoto. Lakini mzazi gani anafukuza kuku?"

Kibanda kilisimama! Watu walipiga makofi, wengine wakarusha kofia.

Halafu meli ikalipuka, nami nikarudi kwenye milipuko na roleksi yangu. Mambo ya kuku yakaishia hapo.

Nilidhani hivyo.

Clifford, mwenye kibanda, anarekodi kila ninachosema na kuuza kwenye flashi. Kufika Jumatano Mzee Saba alikuwa anakohoa Malaba, Mella, Masafu, kila mahali.

Wiki mbili zikapita.

Jumanne asubuhi akaja Bridgit. Huyu ni Mkenya, anavuka kila siku kuuza nguo, na meza yake inatazamana na ya Syprose. Alikuja mbio, leso imeanguka begani.

"Vijei, umemfanyia nini Syprose?"

"Mimi? Hata salamu hajanidai."

"Wacha mchezo, buda! Amenunua kuku saa moja asubuhi. Mwekundu. Nikamuuliza, leo unapika? Akasema, 'Nakwenda kwa baba. Mzee Saba amesema.'"

Nikacheka.

Bridgit hakucheka.

"Unamjua baba yake wewe?"

Sikumjua. Akanieleza. Mzee Othieno wa Kisoko. Syprose alipotoroka na Osborn, muuza mayai kutoka Kenya, mzee alikata baiskeli ya Osborn kwa panga, mayai yote juu yake. Akasema mbele ya kijiji kizima: huyu mtoto akirudi hapa, arudi ndani ya sanduku.

"Na Daphine ana miaka kumi," Bridgit akasema. "Kila siku anauliza mbona wenzake wana babu. Sasa sikia. Huyo mzee akimfukuza tena mbele ya watu, Syprose harudi kwao tena. Hata kwa matanga. Namjua, ni rafiki yangu."



Nikaingia kibandani, nikavaa spika za masikio, nikatafuta lile daraja. Angalau nijue Mzee Saba mwenyewe alisema nini.

Alisema hivi: "Usirudi. Mlango ule umefungwa. Anayekutupa, mwache, wewe jifunze kuruka."

Nikarudia mara tatu. Haikubadilika.

 Nimemtuma mtoto wa watu kwenye panga, tena kinyume cha maelekezo!

Nikamwita Sam wa boda.

"Sam, Kisoko. Haraka."

"Kisoko gani? Ile ya Tororo? Vijei, pikipiki yangu iko na ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Haipendi mtu nono."

"Endesha, Sam. Kuna mtu anakwenda kufukuzwa na kuku."

Sam akanitazama, akawasha. "Eh-hem," akasema. Nilitaka kumpiga, lakini yeye ndiye alikuwa ameshika usukani.

Tulipita Tororo, mwamba wake unatutazama kama mwalimu wa zamu. Tukaulizia njia kwa Mzee Othieno, na kila tuliyemuuliza alijibu kitu kilekile: "Kule kwenye kuku?"

Habari ilikuwa imetutangulia.

Tukafika saa saba, jua liko utosini.

Geti la miti, liko wazi. Nje ya geti amesimama Syprose, gauni la kanisani, kuku mwekundu kwapani. Ndani ya boma, hatua kama kumi na tano hivi, mzee mwembamba amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya fimbo, anamtazama.

Hawasemi.

Majirani wamejaa kwenye ua, mwingine amekuja na kiti chake.

"Wako hivyo tangu saa ngapi?" nikamuuliza mama mmoja.

"Saa nne. Hata maji hakuna mtu amekunywa. Kuku ndiyo iliongea kidogo, sasa imechoka."

Nikamsogelea Syprose polepole. "Dada, mimi Vijei. Twende nyumbani. Nilikosea, yale maneno..."

"Nyamaza," akanong'ona, macho mbele. "Mzee Saba alisema nisiseme neno."

"Umeshasema."

"Ni wewe umenisemesha! Toka, usiniharibie."

Akamhamisha kuku kwapa la pili. Kuku wa kienyeji akishikwa kwa saa tatu anakuwa mzito kama gunia la mihogo.

Basi, mimi ndiye niliyewasha huu moto. Nikavua kofia, nikaingia getini, nikapiga goti moja mbele ya mzee.

"Mzee, shikamoo. Samahani sana. Huyu mtoto hana kosa. Mimi ndiye..."

Mzee akainua kidole.

"Ongea tena."

"Nasema mimi ndiye nimekosa..."

"Hiyo sauti." Akainama, akanichungulia usoni. "Kohoa."

"Nini, mzee?"

"Nasema kohoa!"

Nikakohoa. "Eh-hem."

Ua mzima ukapiga kelele. Mzee Othieno akagonga fimbo chini.

"Ni yeye! Ni Mzee Saba! Mbona uko na mikono mbili?"

Kumbe mjukuu wa jirani ana ile flashi. Kumbe mzee ameitazama sehemu ya nne mara tano. Kumbe tangu wiki iliyopita geti lake halifungwi mchana, na kigoda kimehamia pale.

"Sasa mzee," nikauliza, "kama ulikuwa unamngoja, mbona umemwacha juani kwa saa tatu?"

Akanitazama kwa hasira kabisa.

"Wewe si ndiye ulisema asimame, asiingie? Amesimama. Hajaingia. Sasa mzazi afanye nini? Hukusema! Uliacha maneno katikati, ukaenda kulipua meli!"

Jamani.

Watu wawili wameungua na jua, kila mmoja anaogopa kukosea, kwa sababu mimi nilirudi kumalizia roleksi.

Sikuweza kumdanganya. Nikashusha sauti. "Mzee, ukweli ni kwamba Mzee Saba wa filamu hakusema vile. Alimwambia binti asirudi. Mlango umefungwa. Ile ya kuku ni yangu."

 Niliona mkono wake unaikaza fimbo, nikapima umbali wa kufika kwa Sam.

"Huyo wa filamu," akasema mwisho, "ana watoto?"

"Hapana, mzee. Ana mkuki tu."

"Basi hajui kitu. Malizia yako wewe."

Nikasimama. Nikajipangusa magoti. Sam akazima pikipiki.

"Eh-hem. Sikiliza wewe mzazi. Amka. Pokea kuku. Mkono wa mtoto umechoka."

Mzee akainuka. Magoti yalilia kama bawaba. Akatembea hatua zile kumi na tano, akafika getini, akanyoosha mikono, akamchukua kuku.

Akampima kwa mkono.

"Kuku imekonda hivi? Huko kwa Osborn hamlishi kuku?"

Syprose alicheka na kulia kwa pamoja, akaanguka kwenye bega la baba, kuku katikati anapiga kelele.

"Daphine iko wapi?" mzee akauliza.

Syprose akainua uso. "Baba, jina lake umelijua wapi? Sijawahi kukuambia."

"Nauliza watu," mzee akasema, anatazama pembeni. "Kila mwaka nauliza watu."

Kuku hakuchinjwa. Mzee alikataa. Alisema huyo si mboga, huyo ni shahidi. Tulikula maharage, na Sam aliongeza mara tatu.

Funzo langu si kubwa. Watu wanaweza kutazamana miaka, geti liko wazi katikati, kila mmoja anangoja mwenzake amalizie sentensi. Mwenye mdomo aimalizie.

Ningeacha hapo. Lakini jana Bridgit aliniuliza kitu: "Vijei, ile ya kuku uliitoa wapi, na mdomo umejaa?"

Sikuitunga yote. Hapo niliwadanganya kidogo.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilitoroka nyumbani kwa sababu ya baba na kiboko chake. Kaka yangu mkubwa, John Paul, alinifuata mpaka Malaba. Akakohoa, "Eh-hem," akanipa kuku wake mwenyewe, akasema shika, simama getini, nani anafukuza kuku? Akanirudisha nyumbani, akasimama na mimi getini mpaka baba alipotoka.

Sauti ya Mzee Saba ni yake.

Na miaka saba iliyopita tulimzika baba. Mimi ndiye nilikuwa na maiki, si mnajua. John Paul akafika amechelewa. Nikasema, "Mkubwa wetu amenusa pilau, sasa tunaweza kuanza." Waombolezaji wakacheka, mimi nikajiona fundi.

Msalaba wa kwanza ulikuwa umevunjika njiani. Alichelewa kwa sababu alienda kutafuta mwingine. Alikuwa nao mkononi, rangi haijakauka, imempaka shati. Watu wote waliona. Mimi nilikuwa natafuta kicheko.

Aliusimamisha kaburini, akaondoka bila kula. Tangu siku hiyo simu yangu hashiki.

Wala hakuhamia mbali. Yuko Masafu, ng'ambo ya hospitali, geti la buluu.

Nalijua kwa sababu nimesimama mbele yake sasa hivi, tangu saa nne. Simu iko mkono wa kulia. Kushoto kuna kuku, mweupe, na huyu hajakonda.

Nimefuata masharti. Sijaingia, sijasema neno, nimeandika tu.

Ndani redio inaongea. Na kuna mtu amekohoa, mara mbili.

John Paul, kaka yangu, najua unasoma hizi simulizi zangu mtandaoni, na Clifford ameniambia unanunua flashi zangu zote.

Mkono umechoka. Fungua basi.