Fundo Langu la Kitenge

Wiki hii nilipanda guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, kutoka shambani kwenda sokoni Kibondo. Nilikaa juu ya magunia ya maharage, mtoto mgongoni. Njia ina makorongo, basi kwa akili zangu za darasa la saba nikachukua kitenge cha pili, ncha moja nikaifunga kwenye kamba ya gunia, nyingine kiunoni. Nikajiona nimepona.

Kabla ya mteremko wa mtoni dereva alisimama kutuangalia. Alipokiona kitenge akashika kichwa.

"Mama, gunia likidondoka unataka ulisindikize?"

"Kaka, nimejifunga nisianguke."

"Juu ya mzigo hapakaliwi. Kosa langu, ningekwambia mapema. Shuka, mteremko huu mtembee."

Nilinuna. Fundo la kiunoni lilifunguka, la kwenye gunia likakataa, tukaliacha. Alinishika mkono mpaka nikakanyaga chini, akamvika mtoto kofia yake kwa ajili ya jua, kisha akateremka peke yake, polepole.

Katikati ya mteremko tairi moja liliingia kwenye korongo. Guta likainama, likasimama tena, lakini gunia langu lilibingirika mpaka majini, kitenge kikilifuata nyuma.

Nilimgeuza mwanangu kifuani, nikamkumbatia hadi akalia. Dereva alikunja suruali, akaingia mtoni.

Alipolitoa gunia nililikagua fundo langu. Halikuwa limelegea hata kidogo.