Namba Saba Kwenye Jino la Mwenyekiti

Fundi huyu alikuwa amekaa miaka mingi kwenye chumba cha nyuma cha daktari wa meno, akitengeneza meno ya bandia, hata akasahau kuwatazama watu machoni. Ukimsalimia anakuitikia vizuri, lakini macho yake yako mdomoni mwako, anakagua. Safari moja alikwenda msibani akamkazia macho mfiwa aliyekuwa akilia kwa uchungu. Waliokuwepo wakadhani ni huruma. Kumbe alikuwa ameona gego la bandia la yule mama limepanda upande mmoja, na vidole vilikuwa vinamwasha kulisawazisha.

Mke wake, ambaye ni msusi, alivumilia mpaka siku binti yao alipomleta mchumba nyumbani ajitambulishe. Fundi alimwangalia yule mgeni anavyotafuna kuanzia tonge la kwanza hadi la mwisho, kisha akamwambia binti yake, mbele ya watu wote, kwamba kijana hana neno, ila anatafunia kushoto tu. Binti alilia. Mchumba alibembelezwa sana ndipo akarudi. Mke akasema sasa basi, huyu mwanamume anahitaji kitu kingine cha kushika mkononi, kitu kisicho na ufizi. Siku iliyofuata alirudi kutoka sokoni na boksi lililobonyea pembe, alilolipata kwa muuza mitumba. Juu yake palikuwa na picha ya ndege ya kivita inapasua mawingu.

"Unaijenga mwenyewe, vipande vyote vimo humo," alimwambia. "Na haitafuni."

Ndani mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu zilizoshikilia vipande vidogo vidogo, karatasi ya maelekezo yenye michoro mitupu, na karatasi nyingine ndogo ya stika: namba, nyota, mishale, na alama za onyo ambazo bila miwani huzioni. Nyumbani hapakuwa na meza isiyokuwa na nywele za wateja, kwa hiyo Fundi alilibeba boksi lake hadi kazini, akalitandaza benchini katikati ya mataya ya plasta.

Ndege ilimteka. Alikata vipande kwa koleo lake la waya, akasugua mikato kwa msasa ule ule wa ufizi, akavishika kwa kibano. Mchoro ulionyesha bawa linagundishwa kwenye kiwiliwili, yameisha. Yeye hakuridhika. Alichukua ile karatasi ya wino inayong'atishwa mgonjwa ili kuonyesha meno yanapogusana, akaiweka kati ya bawa na mwili, akabana, akatazama doa, akapunguza kidogo, akabana tena. Kazi ya kupachika bawa ilimla wiki nzima. Penye ufa chini ya pua alijaza plastiki ya waridi ya kutengenezea ufizi, maana ndiyo aliyokuwa nayo. Tundu la kuingizia hewa alilipiga msasa hadi ndani kabisa pasipoonekana, na nesi alipouliza kwa nini, akamjibu kwamba huko ndiko uchafu unakojificha. Daktari alikuwa akipita, anachungulia, anaondoka bila neno. Baadaye alikiri kwamba alidhani ni oda ya mgonjwa mwenye matatizo makubwa.

Rangi Fundi aliziomba kwa mchora mabango wa mtaa wa pili. Tumbo la ndege akalipaka bluu hafifu ya anga, mgongoni mabaka ya kijani na kahawia, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, huku amebana pumzi. Ilipokauka ilikuwa imetulia kiasi kwamba aliifunika kwa leso kila alipotoka, kama mtoto aliyelala.

Siku ya kubandika stika ndiyo mambo yalipokwenda kombo. Stika za namna hii hazibanduliwi kwa kucha. Unakata namba unayoitaka, unailoweka kwenye maji hadi iachie karatasi yake, kisha unaitelezesha taratibu mahali pake. Fundi alikata saba moja ya mkiani, akaitia kwenye bakuli. Kando ya bakuli hilo palikuwa na bakuli jingine lenye meno ya juu ya Mwenyekiti wa chama cha wenye maduka, yaliyokuwa tayari, yanangoja mwenyewe. Mara daktari akaita: kuna mgonjwa aliyekuwa akichukuliwa kipimo, plasta imegandia mdomoni na haitoki. Fundi akakimbia. Nesi, ambaye hakuweza kuona vitu viwili mahali panapotosha kimoja, akamimina bakuli la kwanza ndani ya la pili, akaendelea na ufagio wake.

Plasta ya yule mgonjwa ilikuwa bado inavutwa huko ndani dereva wa Mwenyekiti alipoingia anahema. Mkutano umeanza, akasema, na mzee hana meno. Nesi akayatoa majini. Kwenye jino la mbele palikuwa na saba nyeusi, imelala sawasawa bila hata kunyanzi moja. Akadhani hiyo ni namba ya oda. Akaona pia kwamba kidole kikipita inaweza kufutika, na kwa kuwa alikuwa mtu wa bidii, akaipaka ile dawa ya kung'arisha ambayo Fundi humalizia nayo kazi zake, akaiweka chini ya taa hadi ikakauka ngangari, akafunga kifurushi vizuri.

Mwenyekiti alikabidhiwa meno chini ya meza na kuyavaa bila kuyatazama. Siku hiyo alikuwa amefika na wenzake ofisi ya maji kulalamikia mabomba ya soko, ambayo yalikuwa makavu kwa muda mrefu hata ndege wa angani walianza kujenga viota kwenye masinki. Mbele yao alikaa mhandisi wa idara ya maji, mtu mkavu kama mabomba yake, ambaye alikuwa akiandikaandika tu huku hasikilizi. Mwenyekiti akasimama, akatabasamu kabla ya kuanza, kama kawaida yake.

Mhandisi aliacha kuandika. Akamnong'oneza msaidizi wake kwamba watu hawa wamepigwa namba hadi kwenye meno, naye akainama mbele kutazama vizuri. Mwenyekiti akaeleza habari ya mabomba kwa kirefu, na alipomaliza, mhandisi akauliza kwa upole ambao haukuwahi kuonekana ofisini mle, "Samahani, mzee. Kwani mko wangapi?"

Mwenyekiti alidhani anaulizwa idadi ya wanachama. Akajibu kwamba wako wengi, na wengine bado hawajajitokeza.

Mhandisi akachukua simu pale pale. Kabla ya jua kuzama maji yalikuwa yanamwagika sokoni, na vile viota vikaelea.

Fundi hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa amepiga magoti chini ya benchi na tochi mdomoni, anatafuta saba yake. Aliitafuta jioni hiyo na asubuhi yake pia, na alikuwa bado huko chini alipoona viatu vya Mwenyekiti vinaingia na mlango unafungwa. Akasimama. Mwenyekiti akafungua kinywa, na ile saba ikang'aa mbele yake. Fundi akakamata kibano.

"Fundi, nimejiangalia kwenye kioo," alisema Mwenyekiti.

"Mzee wangu, nakuomba radhi. Ni bahati mbaya tu. Nipe kidogo niitoe, haichukui muda."

"Nani amekwambia uitoe? Nimekuja kuuliza jambo moja. Namba moja umempa nani?"

Fundi hakuelewa.

"Mimi ndiye mwenyekiti," aliendelea, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Chama nimekiongoza tangu soko halina paa. Leo unanipa saba. Hao sita walionitangulia ni akina nani?"

Fundi alijaribu kumweleza. Alimfunulia ndege, akamwonyesha mkia ambao saba ilikuwa yake. Mwenyekiti aliitazama kwa adabu, akasema ni nzuri sana, ila asibadilishe mazungumzo. Ikabidi Fundi aikwangue ile saba, kisha achukue pacha wake kwenye karatasi, saba ya upande wa pili wa mkia, na kuikata kichwa kwa wembe. Kilichobaki kilikuwa moja iliyolalia upande kidogo, kama imechoka. Mwenyekiti aliipokea kwa fahari kubwa.

Ilikuwa kama amefungulia bomba. Makamu mwenyekiti alikuja, na namba mbili haikuwepo, akachukua sifuri. Siku ya pili yake akaanza kudai kwamba sifuri inatangulia moja. Mjumbe mmoja mwenye meno matatu ya bandia alichukua pembetatu nyekundu, ile ambayo kwenye ndege inaonya kwamba kiti cha rubani hufyatuka, na alisema tangu hapo mkewe anamsikiliza. Mweka hazina, ambaye meno yake yote ni ya kuzaliwa, alilala kwenye kiti cha daktari akaomba ang'olewe moja. Daktari akamuuliza linalouma ni lipi. Akasema hakuna linalouma, ila hawezi kuwa peke yake asiyekuwa na cheo. Daktari alimtoa nje akiwa mzima, na urafiki wao ulikatika.

Fundi alimpa kila aliyekuja, wala hakujua kukataa. Miaka yote watu walikuwa wakificha kazi yake, wanaapa kwamba meno ni yao. Sasa walikuwa wanatembea midomo wazi. Alirudi nyumbani anapiga mluzi na kumsimulia mkewe, akatia na chumvi kidogo. Mke alimaliza msuko aliokuwa nao mkononi ndipo akasema.

"Nilikupa kitu cha kukutoa kwenye vinywa vya watu. Wewe umekichukua, umekipeleka humo humo."

 Maneno yale yalimwingia Fundi. Kesho yake aliwaambia waliokuwa wamepanga foleni kwamba stika zimekwisha, na kweli zilikuwa zimekwisha. Ndege ilibaki haina namba wala nyota.

Mambo yenyewe yalipoa bila kuhitaji kikao. Chai ya moto na mswaki vilifanya kazi yao: sifuri ya makamu ilimezwa siku moja wakati wa chakula, na moja ya Mwenyekiti ikafifia ikabaki mstari ambao ungeweza kudhani ni ufa. Chama kikarudi kugombania vibanda. Maji ya sokoni, hata hivyo, hayakukatika tena, kwa sababu hakuna aliyekwenda kumweleza mhandisi.

Ndege aliiomba daktari, baada ya kuelewa hatimaye kwamba haikuwa oda ya mtu. Aliitaka kwa ajili ya chumba chake. Fundi alipanda ngazi akaitundika darini, juu ya kiti cha wagonjwa, kwa uzi wa kusafishia meno, na inaning'inia pale mpaka leo na tumbo lake la bluu. Wagonjwa huikodolea macho na kusahau kufumba mdomo, jambo ambalo daktari amelifurahia. Kila asubuhi nesi huifuta vumbi na kuigeuza itazame mlangoni. Ikifika adhuhuri, feni imeshaigeuzia dirishani.