Sinia zangu za plastiki zilivyotia nazi kwenye pilau ya mama mkwe mtarajiwa

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Msambweni, na mashahidi wapo wa kutosha, maana harusi nzima iliona.

Nina karakana ndogo ya vyombo vya plastiki. Plastiki ili isipasuke hutiwa kemikali ya kuilainisha, na nyingi hutokana na petroli.

Nikasoma mtandaoni kwamba kuna additive za mimea zinazofanya kazi hiyohiyo. Nikajiuliza, mimi Mdigo niliyezungukwa na minazi, nahangaika na nini?

Nikachanganya mafuta ya nazi, yale ya kukamua nyumbani. Sinia zikatoka laini, zinang'aa. Nikajiona mwanasayansi.

Sasa, wakati huo nilikuwa nimepeleka posa kwa Bi Mwanasha, nasubiri jibu. Huyu mama ndiye mpishi wa harusi huku kwetu, na pilau yake inaheshimika. Binti yake Saumu nampenda, sifichi.

Aliposhika kazi ya harusi moja kule Kinondo, nikampelekea sinia zangu zote bure, ili posa iende vizuri.

Pilau ikapakuliwa kwenye sinia hizo ya moto kabisa. Watu wakazizunguka wanne wanne, wakaanza kula. Mara minong'ono: pilau ina nazi.

Ndugu zangu wa bara, kwenu labda ni jambo dogo. Hapa kwetu nazi ni ya wali. Mpishi akitia nazi kwenye pilau, watu huuliza kama anaumwa.

Na kweli mzee mmoja alimwita Bi Mwanasha, akamuuliza kwa upole kama macho yanamsumbua siku hizi. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Mama hakubishana. Aliagiza pilau ya sufuriani, akamwonjesha mzee. Haina nazi. Kisha akainua sinia tupu iliyokwisha kuliwa, akailamba mbele ya watu wote.

Akanyoosha kidole mpaka nilipokaa. "Aliyepika nazi ni yule pale."

Walicheka mpaka bwana harusi akasahauliwa.

Funzo: additive za mimea ni nzuri, ila tafuta mafuta yasiyo na harufu, na uvijaribu vyombo kwa chakula cha moto kwako kwanza.

Jibu la posa limekuja jana. Nimekubaliwa, alhamdulillahi. Sharti la Bi Mwanasha ni kwamba pilau ya harusi yangu italiwa kwenye sinia za bati, na nitaziosha mimi mwenyewe.

Waliooa kwa wapishi, karibuni mnishauri. Saumu naye anasoma humu, kwa hiyo mnistahi kidogo.