Diski Isiyochezewa Ngoma

Fundi akiweka diski mbili zishikiane kazi, hasemi kazi imekwisha mpaka achomoe ya kwanza na kuona kompyuta inawaka kwa ya pili. Kanuni hiyo Luhaga aliijua. Alifundishwa kwenye kiwanda cha pamba cha ushirika, na ushirika ulipokufa akaondoka nayo, akafungua duka la kompyuta mjini Bariadi. Lakini soko huria lilikuwa limeingia, kila mtu anakimbilia kila kitu, na Luhaga akawa pia wakala wa kununua pamba.

Eufrasia, mwalimu mstaafu, alimletea kompyuta yake. Alikuwa akikusanya maneno ya zamani ya Kisukuma kutoka kwa mama yake, Milembe: majina ya rangi za ng'ombe, ya mvua, ya dawa za porini. Karatasi za mwanzo zililiwa na mchwa. Safari hii alitaka diski mbili, kila neno liandikwe kotekote.

Luhaga akaweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, akaziunganisha diski hizo. Maneno yakawa yanaingia kwenye diski zote, ila ile programu ndogo ya kuiamsha mashine aliiweka kwenye ya kwanza tu. Nje, gari la kwenda Zagayu kuchukua pamba lilikuwa likipiga honi.

"Umeijaribu ya pili, Baba Shija?" Eufrasia alimuuliza Luhaga.

"Mwalimu, hawa ni mapacha. Mmoja akifa, mwenzake yupo."

"Kwetu mapacha wakizaliwa huchezewa ngoma ya kuwakinga, wote wawili. Wewe naona umemchezea mmoja."

Luhaga akacheka, akarukia garini.

Milembe alifariki wakati wa mvua za kupandia, akazikwa Ngulyati. Msimu wa pamba uliofuata, diski ya kwanza ikafa. Luhaga alikuwa Zagayu tena, kwenye mizani. Eufrasia akamwita fundi mwingine, Dastan, ambaye aliijaribu ya pili, haikuwaka.

"Zote hazina kitu, mama. Hii nikiifuta, labda itafaa kuanzia upya."

Mwalimu akakubali. Angefanyaje?

Luhaga aliporudi na kuletewa kompyuta dukani, alishika kichwa. "Ameifuta? Ilikuwa nzima, ilikosa tu programu ya kuiamsha! Maneno yote yalikuwa humo!"

"Mimi ningejuaje?" Eufrasia alisema. "Aliyejua ni wewe."

Hakumtukana wala hakumdai. Kompyuta alimwachia palepale mezani, akaenda zake.

Siku ile ya honi, Luhaga aliliwahi gari la pamba. Maneno ya Milembe yamepotea, na wa kuulizwa yuko kaburini.